Rangi ya Buluu

Bwana misitu alikuja Jumanne na kopo la rangi,
Askew jina lake, mrefu, mwenye kikohozi kikavu,
akaingia katika misonobari ya baba
kama daktari aingiavyo wodi iliyofurika.
Huu ukatwe. Huu ubaki. Huu ukatwe.
Mimi nyuma yake na daftari, viatu vikizama
katika majani makavu yaliyochongoka kama sindano,
shibiri nzima kwenda chini,
wala hapana hata unyasi mmoja mbichi.

Miaka thelathini na minne tangu baba aipande:
miche ya serikali katika magunia yaliyoloa,
futi sita kwa futi nane, safu kwa safu.
Hakukata hata mmoja. Alisema
mtu mweusi wa Alabama akipata ardhi haichezei,
na mti ni akiba, na akiba haipunguzwi.
Basi ikasimama hivyo, bega kwa bega,
kama watu kwenye foleni ya mshahara,
ikirefuka kwa kugombea jua, isinenepe.

Ndugu zangu walipiga simu kutoka Detroit.
Thaddeus: "Verlene, fyeka yote, tugawane."
Imogene hakusema kitu; nilisikia televisheni yake.
Nikasema nitakata mmoja katika kila mitatu,
na Februari nitatia moto.
Kimya.
"Moto? Kwenye mali ya baba?"

Mti wa mia na kumi na mbili ulikuwa ule wenye goti,
uliopinda kwa sababu niliukalia ukiwa mche
nikiwa na miaka tisa, nikala bakora.
Askew alinitazama. Akatikisa kopo.
Nikasema: paka.

Kisiki chake nilikisoma jioni kwa miwani ya mama.
Pete za mwanzo pana, karibu kidole
kati ya mwaka na mwaka.
Kisha zinabanana hadi ukucha haupiti.
Nilitafuta mwaka wa ukame,
mwaka wa kimbunga, mwaka tuliomzika mama.
Wapi. Mvua ilinyesha vizuri miaka hiyo yote.
Ni majirani tu.

Tulichoma tarehe kumi na tisa, upepo ukitoka kaskazini,
mimi, Askew, vijana wawili wa kaunti na tangi la maji.
Moto ulitembea, haukukimbia,
ulipanda gome futi moja, ukashuka,
kama mteja anayeuliza bei za duka zima
na hanunui.
Usiku nilinuka utomvu hadi kwenye nywele.
Wiki mbili shamba lilikuwa jeusi
na simu za Thaddeus sikuzipokea.

Mwaka wa tatu akaja binti wa chuo, Soledad,
na duara la waya, upana wake mita moja.
Akalitupa bila kuangalia, tukapiga magoti.
Nyasi ngumu zenye ncha za shaba,
kunde mwitu za ua la zambarau,
alizeti ndogo kama kifungo cha shati,
mbigili ulionichoma kabla haujahesabiwa.
Kumi na saba.
"Mbegu zilikuwa wapi?"
"Humu humu," akasema. "Zimelala."
Chini ya viatu vya baba, miaka yote ile,
akipita juu yake akihesabu miti.

Nayo miti: tulizungusha tepu kwenye kimo cha kifua.
Ile iliyobaki imeongeza unene
katika misimu mitatu kuliko katika kumi iliyopita.
Thaddeus nilimpelekea namba tu, bila salamu.
Akajibu: "Sawa." Kwake hilo ni hotuba.

Kulikuwa na mmea wa kumi na nane, majani mawili mawili,
shina lenye manyoya. Kitabuni mwa Soledad haumo.
Mama alikuwa akichemsha kitu cha namna hiyo
tukishikwa na homa, akikiita jina
lililonitoka. Soledad aliandika alama ya kuuliza.

Nimempigia Imogene. Amezima televisheni.
"Uponde," amesema. "Uponde kwa vidole.
Haya. Ninusie."